Miembe ya kandokando ya njia mjini Bagamoyo: ilikotoka na inavyoweza kuhifadhiwa

Mji wa Bagamoyo, ulioko katika Mkoa wa Pwani nchini Tanzania, kilomita zipatazo 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, hujulikana kwa nyumba zake za mawe, Boma la Wajerumani na jengo la kupumzikia misafara. Miti yake hutajwa mara chache. Hata hivyo, mgeni anayekwenda Misheni ya Roho Mtakatifu hupita kwanza kati ya safu mbili za miembe mikongwe, na huingia kivulini kabla hajaliona kanisa. Mitaani nako kuna miembe, mikungu, mikwaju, miarobaini na minazi, ambayo chini yake watu huuza samaki, husubiri pikipiki na kucheza bao.

Suala la miti hiyo limekuwa na uzito mpya kwa sababu mji unakua. Barabara kuu ya pwani, inayokusudiwa kuunganisha Malindi nchini Kenya na Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo, inajengwa kwa sehemu kubwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mahali barabara inapopanuliwa, nyumba hufanyiwa tathmini na mwenye nyumba hulipwa fidia. Mti wa barabarani hauna mwenyewe wa kudai.

Mwembe si mti wa asili wa pwani hii. Asili yake ni Asia ya Kusini, nao ulivuka bahari pamoja na biashara ya majahazi. Umezoeleka mno kiasi kwamba watu wa pwani wana majina yao wenyewe ya aina zake, kama vile dodo, bolibo na sindano. Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na wakazi wa kijiji hicho ndio waliolima mashamba ya misheni. Kwa hiyo bustani na njia zenye miti za misheni hiyo si pambo tu: ni sehemu ya historia ya utumwa na ya maisha yaliyofuata baada yake.

Kwa wasikilizaji wa nchi za Maziwa Makuu, miembe hiyo ina uhusiano wa karibu zaidi. Bagamoyo ilikuwa mwanzo na mwisho wa njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, iliyopita Tabora hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Miembe mikubwa inaonekana hadi leo katika vituo vya njia hiyo. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Husemwa kwamba miembe hiyo iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi na watumwa waliokula maembe njiani. Wengine husema ilipandwa kwa makusudi na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotaka kivuli kambini. Huenda yote mawili ni kweli, lakini jambo moja la kibotania linafaa kuzingatiwa. Kokwa ya embe haihimili kukauka. Ikikaa wiki chache bila unyevu hufa. Msafara wa kwenda Ujiji ulichukua miezi. Ni vigumu, basi, kuamini kwamba kokwa iliyotiwa mfukoni Bagamoyo ilipandwa ikiwa hai kando ya Ziwa Tanganyika. La kuaminika zaidi ni kwamba mwembe ulisafiri kituo kwa kituo: mti wa kambi moja ukazaa, na embe lake likaliwa katika kambi ya mbele. Kama ndivyo, kila kituo kilipata miti yake kutoka kwa kituo kilichotangulia, na mlolongo huo ulichukua miaka mingi.

Kinachoua miti ya mjini

Mara nyingi mti wa barabarani haufi kwa shoka. Mizizi mingi inayonyonya maji na chakula iko karibu na uso wa ardhi, katika mita moja ya juu au pungufu. Mtaro wa bomba la maji unapochimbwa sentimita chache kutoka kwenye shina, mizizi ya upande mzima hukatika, nao mti huendelea kuonekana mzima kwa muda kabla matawi ya upande huo hayajaanza kunyauka. Wakati huo fundi wa bomba ameshaondoka na hakuna anayekumbuka mtaro. Saruji au lami ikimwagwa hadi kwenye shina, maji na hewa haviingii. Takataka zinazochomwa chini ya mti huunguza gome, na gome likizunguka lote kuungua, mti umekwisha.

Misumari ya mabango na nyaya zilizofungwa shinani huonekana kuwa mambo madogo. Misheni ya Bagamoyo yenyewe ina mfano wa kinachotokea. Katika mbuyu mkubwa wa hapo imo pingu ya mnyororo ambayo, kwa masimulizi ya misheni, ilifungwa na mwanamke Mfaransa aliyehudumu hapo, Madame Chevalier, ili amfunge punda wake. Mti umekua ukaimeza, na sasa ni kipande kidogo tu kinachoonekana. Mbuyu una shina laini na nene linaloweza kustahimili hayo. Mwembe unaobanwa na waya hunyongwa polepole.

Kuna pia thamani ya mti wenyewe. Shina la mwembe huchongwa ngalawa na mitumbwi, na matawi yake hufaa kwa kuni na mkaa. Mwembe mnene, mnyoofu, ulioko karibu na bahari, ni mali kwa fundi, na sababu ya kuukata haikosekani: umezeeka, unaangusha majani, utaangukia nyumba. Mara nyingine sababu hizo ni za kweli. Tawi lililooza ni hatari kwa wapita njia, na anayetetea kila mti bila kuukagua haisaidii hoja yake. Lakini ukataji wa kichwa chote cha mti, ambao huitwa kupogoa, huacha majeraha makubwa yanayooza na machipukizi dhaifu yanayovunjika kwa urahisi zaidi kuliko matawi ya awali.

Sheria na neno "hifadhi"

Hapa lugha inaweza kupotosha. Katika usemi wa kawaida, hifadhi ni mahali panapolindwa. Katika sheria za barabara, "hifadhi ya barabara" ni eneo lililotengwa kwa matumizi ya barabara, na mti ulio ndani yake ndio wa kwanza kuondolewa. Sheria ya Barabara ya Tanzania ya mwaka 2007 iliongeza eneo hilo kwa barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Barabara kuu zinasimamiwa na TANROADS, na za wilaya na mitaa na TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017.

Upande wa pili upo ulinzi, lakini haukuandikwa kwa ajili ya mti wa mtaani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahusu hasa majengo na vitu vilivyotengenezwa na binadamu, na inatumia tarehe kama kipimo: majengo ya kabla ya 1886 na vitu vya kabla ya 1863. Kuthibitisha umri wa mwembe ni kazi ngumu, kwa kuwa miti mingi ya ukanda wa joto haiachi pete za mwaka zilizo wazi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inafikiria zaidi misitu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na hapo ndipo wananchi wanapoweza kusema mti gani uachwe, mradi wawahi. Njia iliyo karibu zaidi ni sheria ndogo za halmashauri: kuorodhesha miti mikongwe mmoja mmoja, kuipa namba, kupiga picha na kukataza kuchimba au kujenga ndani ya umbali fulani kutoka shinani.

Mifano ya jirani inaonyesha kwamba barabara na mti vinaweza kuishi pamoja. Huko Unguja, barabara inapita kati ya miembe ya Bungi, ambayo husimuliwa kuwa ilipandwa na Bi Khole, binti wa Sayyid Said. Katika Mji Mkongwe, mtini mkubwa wa Mizingani umesimama ufukweni, na mafundi wa vyombo vya baharini wamekuwa wakifanya kazi kivulini mwake. Jijini Nairobi, mwezi Novemba 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitoa amri ya kuulinda mugumo wa Waiyaki Way, uliokuwa ung'olewe kupisha barabara ya mwendokasi. Barabara ilijengwa na mugumo ukabaki. Amri ya rais, hata hivyo, huokoa mti mmoja kwa wakati mmoja. Mji mdogo wenye miti mingi unahitaji daftari na mtu wa kulitunza.

Miti hiyo pia itazeeka, hata ikilindwa. Safu yenye miti ya umri mmoja huelekea kufa kwa pamoja, kwa hiyo mwanya wowote unapotokea unafaa kuzibwa mapema kwa mche. Ujiji inatoa kielelezo: mwembe ambao Stanley na Livingstone wanasemekana kukutana chini yake mwaka 1871 haupo tena, na miembe iliyoko penye mnara wa kumbukumbu inaelezwa kuwa ilitokana na mti huo kwa njia ya kubebesha. Ubebeshaji huhamisha tabia zote za mti mama, jambo ambalo kokwa haiwezi kulihakikisha. Kikonyo kinachohitajika hupatikana tu kwenye tawi hai na lenye afya, na kwa miembe ya Bagamoyo matawi hayo bado yapo.