Taraza ya Kroshia na Njaa ya Ireland

Sisi tunaofundisha Kiswahili tumezoea neno pindo kwa sababu ya kanga. Bali taraza, yaani urembo wa ukingo wa nguo, wanafunzi wetu wengi hawalijui tena. Twalitumia hapa makusudi, maana twataka kueleza taraza ifumwayo kwa kroshia, ile izungukayo vitambaa vya meza na vya viti majumbani mwetu. Kroshia ni neno la asili ya Kifaransa, na maana yake ni kulabu ndogo. Ndivyo kilivyo chombo chenyewe: kijiti chenye ncha iliyopinda, kivutacho uzi kutoka kitanzi hata kitanzi.

Wako wanaoidhania kazi hii kuwa burudani ya wanawake wenye nafasi. Historia ya Ireland yaonyesha vingine. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliharibu viazi, chakula kikuu cha maskini wa nchi ile, na miaka iliyofuata ukarudi. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine wasiopungua idadi hiyo wakahama. Nyumba nyingi zikabaki hazina cha kuuza ila kazi ya mikono ya wanawake.

Mwaka 1847 Cassandra Hand, mke wa kasisi wa Kianglikana katika mji wa Clones, alileta mwalimu wa kroshia awafunze wenyeji. Huko Cork, upande wa kusini, watawa wa Ursula nao walifundisha kazi hiyo. Kielelezo chao kilikuwa lesi ya Venice, ambayo hushonwa kwa sindano ya kawaida, na kipande kidogo huweza kula miezi. Kroshia ilitoa sura iliyokaribiana nayo kwa muda mfupi zaidi. Na kwa mwenye njaa, muda ndio uliokuwa jambo kubwa. Mtaji haukuhitajika mwingi: uzi wa pamba, na sindano iliyokatwa tundu lake upande mmoja ikachomekwa katika kipande cha mti.

Waridi, majani na zabibu vilifumwa kimoja kimoja juu ya uzi mnene uliofichwa ndani, ili ua liinuke. Aghalabu nyumba moja ilishika ua lake na kulificha, majirani wasiliige. Kisha fundi mwingine aliyaunganisha maua kwa vitanzi na vifundo, yakawa kola, ukingo wa mkono wa gauni, au taraza ya leso. Wanunuzi walisifu maua. Sisi twaona ustadi ulikuwa katika kuunganisha. Na kweli, kifundo kimoja cha kazi hiyo chaitwa kwa jina la Clones mpaka leo.

Katika miaka ya 1880 viwanda vya Uswisi na Ujerumani vilianza kuiga lesi hii. Mashine hutarizi juu ya kitambaa, kisha kitambaa huyeyushwa kwa dawa, nyuzi zikabaki peke yake. Hata hivyo kazi ya mkono iliendelea kupendwa Paris na New York, hata Vita Kuu ya 1914 ilipovuruga biashara ya mapambo.

Mwanafunzi akitaka kuzitofautisha, na atafute mwisho wa uzi. Kroshia ya mkono, kifundo cha mwisho kikifunguliwa, hufumuka kitanzi baada ya kitanzi. Ile ya mashine haifumuki hivyo.