Uzi, Sindano na Jeraha: Kutoka Cordoba Hadi Bunyoro



Ndugu zetu wasomaji, safari hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo karibu kila nyumba imewahi kulipitia, nalo ni kushonwa jeraha. Kilichotusukuma ni swali la bibi mmoja wa mtaani kwetu. Mjukuu wake wa kike alianguka kwenye ngazi za madrasa, akapasuka paji la uso. Alishonwa nyuzi nne, akaambiwa arudi baada ya siku tano zitolewe. Bibi hakukubali arudishwe. Alisema: "Kaka yake alipotahiriwa alishonwa vile vile, na nyuzi zikapotea zenyewe. Hizi nazo ziacheni." Mtoto alipelekwa siku ya tisa, ngozi imeshavimba na kuanza kuumeza uzi. Alhamdulillahi amepona, lakini alama za mishono zimebaki usoni mwake.

Bibi yetu hakuwa mjinga, bali aliuliza swali la maana: kwa nini uzi mmoja hupotea wenyewe, na mwingine haupotei mpaka utolewe? Jibu la swali hili lina historia ndefu, na ndani yake wamo watu ambao watoto wetu wanapaswa kuwajua.

Tabibu wa Andalus

Wa kwanza ni Abul Qasim al-Zahrawi (936-1013), Allah amrehemu, aliyeishi Madinat al-Zahra karibu na mji wa Cordoba, ambao Waarabu huuita Qurtuba. Aliandika Kitab al-Tasrif chenye sehemu 30, na sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, ikiwa na michoro ya vyombo vipatavyo 200.

Katika mlango wa majeraha ya tumbo, al-Zahrawi anatofautisha jeraha la ngozi na jeraha la utumbo. Hapo ndipo ilipo hekima yake. Ukuta wa tumbo anauelezea kwa namna kadhaa za kushona. Ama utumbo wenyewe, anataja njia mbili. Njia ya kwanza ni kuleta siafu wenye vichwa vikubwa, wang'ate kingo mbili za jeraha zilizokutanishwa, kisha kiwiliwili kikatwe na kichwa kibaki kimeshikilia kama kibanio. Njia ya pili ni kushona kwa uzi mwembamba uliotolewa kwenye utumbo wa mnyama. Uzi huo hufungwa kwenye uzi wa kitani, na kitani ndicho kinachopita kwenye tundu la sindano.

Kwa nini utumbo ushonwe kwa utumbo? Kwa sababu jeraha la ndani likishafungwa, hakuna mkono utakaorudi kutoa nyuzi. Kinachoachwa mle kinatakiwa kiwe kitu ambacho mwili unaweza kukivumilia na kukimaliza.

Tuwe wakweli hapa, kwani kumsifu mtu kwa asichofanya si heshima kwake. Al-Zahrawi hakuwa wa kwanza kutaja uzi wa utumbo. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, aliutaja pamoja na uzi wa hariri. Fadhila ya al-Zahrawi ni kwamba alikusanya, alijaribu, alichora na alifundisha. Gerard wa Cremona (aliyefariki 1187) alikifasiri kitabu cha upasuaji kwa Kilatini huko Toledo, na kikasomwa Ulaya kwa karne nyingi.

Na alikuwa mkali juu ya ujinga. Katika utangulizi wake anasimulia tabibu asiyejua maumbile ya mwili, aliyepasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa ya damu, na mwanamke yule akafa mikononi mwake. Anasema kwamba asiyejua viungo asishike kisu.

Misumari saba ya Bunyoro

Sasa tutoke Andalus tuje kwenye nchi zetu za Maziwa Makuu, maana elimu hii haikuwa ya ng'ambo peke yake. Mwaka 1879 mmisionari na tabibu aitwaye Robert Felkin alikuwa Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo. Aliyoyashuhudia aliyaandika mwaka 1884 katika jarida la matabibu la Edinburgh: mwanamke aliyeshindwa kujifungua alipasuliwa tumbo na mtoto akatolewa. Mpasuaji alinawa kwa pombe ya ndizi, akasafisha nayo tumbo la mama, na akazuia damu kwa chuma cha moto.

Tumbo lilifungwa kwa misumari saba ya chuma, myembamba na iliyosuguliwa, kisha ikazungushiwa kamba iliyosokotwa kwa gome la mti. Misumari ilitolewa kwa awamu, na siku ya sita ikawa imekwisha. Felkin anaandika kwamba siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga, na mama na mtoto wakawa hai.

Msomaji ataona kwamba waganga wa Bunyoro walijua kanuni ile ile. Chuma hakiyeyuki, hivyo kiliwekwa mahali panapofikiwa na mkono, na kilitolewa kwa wakati wake.

Ndama wa Lister

Tatizo kubwa la uzi wa utumbo lilikuwa uchafu. Uzi mchafu huingiza usaha ndani ya jeraha. Joseph Lister, aliyekuwa akisafisha majeraha kwa dawa ya asidi ya kaboliki huko Glasgow tangu 1865, aliugeukia uzi wenyewe. Mwishoni mwa 1868 alifunga mshipa wa damu wa ndama kwa uzi wa utumbo uliolowekwa kwenye dawa hiyo. Baada ya mwezi hivi alipoutazama, hakukuta usaha, na nyama mpya ilikuwa imeshika nafasi ya uzi.

Uzi huu huitwa katigati. Wapo wanaohofia kwamba ni wa paka au nguruwe. Ukweli ni kwamba kwa kawaida hutengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe. Tangu miaka ya 1970 zimeenea pia nyuzi za kutengenezwa kiwandani zinazoyeyuka, kama Vicryl, ambazo hazitokani na mnyama.

Uzi huchaguliwaje?

Mshonaji mzuri hujiuliza maswali manne.

Kwanza, ni nyama gani? Ngozi ni ngumu, hivyo hutakiwa sindano yenye ncha ya pembe tatu inayokata. Utumbo na mishipa hutakiwa sindano ya mviringo, inayopenya bila kuchana.

Pili, uzi utahitajika kwa muda gani? Nguvu ya katigati ya kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10, ya Vicryl hudumu wiki tatu hivi au zaidi. Nailoni haiyeyuki ndani ya muda huo.

Tatu, unene gani? Hapa namba huenda kinyume: sifuri zikiongezeka, uzi unazidi kuwa mwembamba. Uso hushonwa kwa 5-0 au 6-0, na jicho huweza kushonwa kwa 10-0, ambao ni mwembamba kuliko unywele.

Nne, je, uzi ni mmoja laini au umesukwa? Wa kusukwa hushika fundo vizuri, lakini vijidudu hupata pa kujificha. Wa nailoni ni laini na hauusumbui mwili sana.

Hili basi ndilo jibu la bibi. Tohara hushonwa kwa uzi unaoyeyuka kwa sababu sehemu ile hupona haraka, na kumtoa mtoto nyuzi pale ni mateso. Uso ulishonwa kwa nailoni ili kovu liwe dogo, kwa sharti kwamba itolewe mapema. Kwa kawaida nyuzi za uso hutolewa baada ya siku 5 hivi, za kichwani siku 7 hadi 10, za mikono na miguu siku 10 hadi 14.

Hivyo tunawausia wazazi: kabla hamjaondoka kwa daktari, ulizeni, "Huu uzi unayeyuka au unatolewa? Tarehe gani?" Ulizeni pia kuhusu sindano ya pepopunda. Na jeraha likiwa jekundu, likitoa usaha au mtoto akipata homa, msingojee tarehe.

Nanyi wanafunzi, msiishie kujivunia jina la al-Zahrawi. Someni alichokisoma yeye, ili siku moja bibi akiuliza, jibu litoke nyumbani kwake mwenyewe.