Mshono wa Kale na Kitambaa cha Bei Nafuu

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa mara nyingi vijana wanapohimizwa kuyathamini mavazi ya wazee wao, na wapo wanaoitikia wito huo. Hununua kitambaa cha pamba cha bei nafuu, wakalifumua vazi kuukuu la bibi lipate kuwa kigezo, kisha wakashona nyumbani kwa mkono au kwa cherehani. Kazi hiyo twaisifu. Lakini kabla ya kutia mkasi kitambaani yatupasa tujiulize: asili tunayoirudia ni ipi? Maana katika historia ya mwambao wetu kitambaa cha bei nafuu kilikuwa alama ya utumwa wenyewe.

Tuanze na merikani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, walileta Unguja kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said, na kitambaa hicho kikaitwa kwa jina la nchi kilikotoka. Kilipelekwa bara kwa misafara, kikapimwa kwa mikono, kwa pande na kwa doti. Wapagazi wakalipwa kwacho, na watawala wa njiani wakatolewa hongo kwacho. Pamba yake ililimwa na Waafrika waliokuwa watumwa kusini mwa Marekani. Na huku kwetu, wengi waliojifunga merikani nao walikuwa watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipoipunguza biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na India vilichukua nafasi yake, lakini jina halikufa.

Mwenziwe merikani alikuwa kaniki, kitambaa cha rangi nzito ya nili au nyeusi. Mwungwana alijulikana kwa kanzu, kilemba na joho. Mjakazi alijulikana kwa kaniki yake. Hivyo vazi lilimtangaza mtu kabla hajafungua kinywa.

Mabadiliko yaliletwa na wanawake. Masimulizi yanayojulikana sana mwambaoni yasema kwamba, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, walinunua leso sita za rangi zikiwa bado hazijatenganishwa, wakazikata vipande viwili vya leso tatu tatu, kisha wakaviunga kwa sindano vikawa nguo moja. Wenye biashara walipoona nguo hiyo inapendwa, waliagiza ichapwe nzima nzima kiwandani, ndiyo kanga. Tarehe 6 Aprili, 1897, hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja, na wanawake wengi waliokuwa wajakazi waliiweka kando kaniki wakajifunga kanga. Tazama basi: kiwanda kiliifuata sindano, wala sindano haikukifuata kiwanda. Watu waliokuwa wamechaguliwa vazi na wengine walianza kujichagulia wenyewe.

Ustadi wa kukata nao una historia yake. Kanzu ya zamani hujengwa kwa vipande vichache: badani ya mbele na ya nyuma, taharizi za ubavuni, mikono, na vikwapa vinavyoupa mkono nafasi ya kunyanyuka. Vingi vya vipande hivyo hukatwa kwa mistari iliyonyooka, kwa hiyo kitambaa kinachopotea ni kidogo. Kipimo kilikuwa shibiri na dhiraa, yaani mwili wenyewe. Katika jimbo lile lile la Massachusetts, mwaka 1863, fundi Ebenezer Butterick alianza kuuza vigezo vya karatasi vya saizi mbalimbali, na pamoja na cherehani vikamwezesha mtu wa kipato kidogo kushona mtindo wa kisasa nyumbani kwake. Kwetu kigezo kikuu kilibaki kuwa vazi lenyewe na kumbukumbu ya fundi. Kigezo cha namna hiyo hakina gharama, lakini fundi akifa bila kumfundisha mtu, nacho hufa.

Hata pamba ya nchi yetu haikuanza kwa hiari. Kulazimishwa kulima pamba kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905 kusini mwa nchi. Ndiyo maana kufunguliwa kwa kiwanda cha Urafiki mjini Dar es Salaam mwaka 1968, kwa msaada wa China, hakukuwa jambo la biashara peke yake. Nchi iliyokuwa ikitoa pamba na kurudishiwa nguo ilikuwa sasa inasokota, inafuma na kuchapa nguo zake yenyewe.

Kwa hiyo turudipo kwenye mshono wa kale, tuchague. Tusiuchukue ule utaratibu wa kumpima mtu kwa joho au kwa kaniki, hata kama vazi lenyewe latupendeza machoni. Tuchukue ukataji usiopoteza kitambaa, na uhodari wa wale walioziunga leso. Tuyahifadhi pia majina ya vipande, badani, taharizi, kikwapa, kwa kuwauliza wazee na kuandika wanayotueleza. Kijana anayeshona kwa merikani leo hana budi kujua ni nani waliolima pamba ya merikani ya kwanza na ni nani walioivaa. Kuijua asili namna hiyo, pamoja na machungu yake, ndiko kutoiacha.