Bambo, Gunia na Kiti cha Waziri

Msimu wa kuuza ukifika na mahindi yakishapukuchuliwa na kuanikwa, malori na matrekta hujipanga nje ya ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao mjini Kitale. Karani huchoma gunia kwa bambo, akachota punje na kuzitia kwenye kipima unyevu. Zikizidi asilimia 13.5, mwenye mali huambiwa akaanike tena. Hapo ana mawili: arudi nyumbani na mzigo wake akilipia lori mara ya pili, au amuuzie broka aliyeegesha hatua chache kutoka langoni, kwa bei atakayotaka broka. Katika foleni hiyo waziri wa kilimo hutajwa kuliko pengine popote nchini, na si kwa heshima kila mara.

Wanasiasa wawili wa ukanda huu wamewahi kukalia kiti hicho. Wa kwanza ni Elijah Wasike Mwangale wa Kimilili, wilaya ya Bungoma, na wa pili ni Kipruto arap Kirwa wa Cherangany, wilaya ya Trans Nzoia. Waliwahudumia marais wawili tofauti, katika nyakati ambazo sera za mahindi zilikuwa karibu kinyume kabisa. Hata hivyo safari zao zilimalizikia mahali pamoja: wapiga kura wa nyumbani, watu wa jembe na gunia, waliwanyima kura.

Ili kuelewa kwa nini kilimo kimekuwa siasa kali hivi huku magharibi, ni lazima kurudi enzi za ukoloni. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na walowezi wa Trans Nzoia wakapata njia ya kupeleka mahindi yao bandarini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1942, serikali iliunda mamlaka ya kudhibiti biashara ya mahindi. Mlowezi alihakikishiwa bei yenye faida; Mwafrika wa Bungoma, aliyelima mahindi yale yale ng'ambo ya mpaka wa wilaya, alilipwa kidogo zaidi. Wakati huohuo wakaguzi wa kilimo walizunguka vijijini wakiwalazimisha watu kung'oa magugu na kuchimba matuta. Amri hizo zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoipa nguvu Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, ambaye kwao pia ni Kimilili. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa waumini pale Malakisi na kuua. Kwa hiyo Mwangale, aliyezaliwa mwaka 1939, alikulia mahali ambapo mtu wa serikali anayezungumzia shamba lako alikuwa wa kuogopwa kabla ya kuwa wa kusikilizwa.

Kabla yake alikuwepo Masinde Muliro, na bila Muliro hadithi hii haisimami. Alisomea Tororo, kisha Chuo Kikuu cha Cape Town, akarudi nyumbani kufundisha. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria katika uchaguzi wa kwanza ambao Waafrika walipiga kura. Mwaka 1961 chama chake cha KADU kilipokubali kuunda serikali, Michael Blundell, mlowezi wa Subukia, alirudi Wizara ya Kilimo aliyokuwa ameishika hapo awali, na Muliro akapewa Biashara na Viwanda. Suala lililomsumbua zaidi Muliro katika miaka hiyo lilikuwa Kitale yenyewe: iwe upande wa Magharibi, kama Wabukusu wenzake wa Bungoma walivyodai, au ibaki Bonde la Ufa, kama walivyotaka washirika wake Wakalenjin ndani ya chama hichohicho? Ilibaki Bonde la Ufa. Wabukusu hawakungoja mpaka ubadilishwe. Walowezi walipoanza kuuza, watu walichanga pesa, wakaunda vyama na kampuni, wakanunua mashamba na kuhamia.

Waliohamia walikuta mbegu mpya inawasubiri. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa Kitale mwaka 1956 na walowezi waliotaka mbegu za majani ya malisho, lakini haikupita miaka mingi mahindi yakawa ndiyo kazi yake kubwa. Katika kituo cha utafiti cha Kitale, mtafiti Michael Harrison na wenzake walichanganya aina iliyokuwa ikilimwa hapa na nyingine iliyotoka nyanda za juu za Ecuador, na mwaka 1964 ikatoka H611. Wataalamu waliofuatilia jambo hilo waligundua kwamba wakulima wa magharibi mwa Kenya waliipokea mbegu chotara kwa kasi kuliko walivyofanya wenzao wa Iowa, Marekani, katika miaka ya 1930. Huko Marekani, Henry Wallace, aliyeanzisha kampuni ya kuuza mbegu chotara mwaka 1926, alipanda kutoka mbegu hadi uwaziri wa kilimo, halafu umakamu wa rais. Kitale haijawahi kumtoa mzalishaji wa mbegu akawa mwanasiasa wa kitaifa. Imetoa wanasiasa waliolazimika kujifunza mbegu.

Mwangale aliingia Bungeni mwaka 1969 na jina lake likajulikana nchi nzima mwaka 1975, kwa jambo ambalo halikuhusu kilimo hata chembe. Machi mwaka huo mbunge Josiah Mwangi Kariuki, maarufu kama J. M., aliuawa na mwili wake kupatikana Ngong. Bunge liliunda kamati teule ya uchunguzi, Mwangale akawa mwenyekiti wake. Ripoti aliyoiwasilisha Juni ilivitia lawamani vyombo vya dola, na ilihitaji moyo kuisoma kwa sauti ukumbini. Kura ilipopigwa, Muliro, wakati huo Waziri wa Ujenzi, aliiunga mkono ripoti dhidi ya msimamo wa serikali aliyoitumikia. Rais Kenyatta alimfuta kazi, pamoja na mawaziri wadogo John Keen na Peter Kibisu.

Wabukusu wawili, basi, katika ukurasa mmoja wa historia: mmoja aliandika ripoti, mwingine akapoteza kazi kwa ajili yake. Kutoka hapo njia zao zilitengana. Muliro alibaki na sifa ya mtu asiyepindika. Mwangale alijongea taratibu kuelekea kiti cha enzi. Mwaka 1983, Rais Moi alipodai kuna msaliti anayeandaliwa na mataifa ya nje kuchukua nchi, ni Mwangale, wakati huo Waziri wa Utalii, aliyesimama Bungeni na kumtaja waziri mwenzake Charles Njonjo. Baada ya uchaguzi wa mwaka huo alipewa Wizara ya Mambo ya Nje, akaishika hadi 1987. Kutoka hapo alipelekwa Kilimo.

Kwa mtu aliyezoea viwanja vya ndege, huenda ilionekana kama kuteremshwa cheo. Kwa siasa za Bungoma, hakukuwa na wizara nzito zaidi. Wizara hiyo ndiyo iliyobeba miwa ya Nzoia, kahawa ya mteremko wa Mlima Elgon na mahindi ya kila mtu.

Alirithi mfumo uliokuwa ukichechemea. Bodi ya Nafaka, iliyozaliwa kwa kuunganishwa kwa bodi ya mahindi na ile ya ngano, ndiyo iliyokuwa mnunuzi halali wa mahindi ya biashara. Madeni yaliilemea, na wakulima walingoja malipo kwa miezi huku karo za shule zikidai. Kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali, isipokuwa magunia machache tu. Fikiria barabara ya kutoka Kitale kupitia Kiminini hadi Kamukuywa. Pande zote mbili ni ndugu walewale: huku walionunua mashamba ya walowezi, kule waliobaki kwa wazee. Mama aliyetaka kumpelekea dadaye mahindi ya kuuza sokoni Kimilili alikuwa, machoni pa sheria, mlanguzi, na kizuizi cha polisi kilijua kufaidika na hali hiyo. Sheria hiyo ilikuwa na mizizi katika udhibiti uleule wa 1942.

Wafadhili walitaka soko lifunguliwe, na mwaka 1988 mpango wa mageuzi ya nafaka ulianza kwa msaada wa Jumuiya ya Ulaya. Serikali iliukubali kwa mdomo na kuuburuta kwa miguu. Udhibiti ulikuwa na faida zake kisiasa, kwani aliyetoa kibali alikuwa na mteja, na mteja alikuwa na kura. Vizuizi vya usafirishaji vilikuja kuondolewa mwishoni mwa 1993. Kahawa nayo iliingia taabani. Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ulivunjika na bei ikaanguka duniani kote. Mkulima wa kahawa wa Chwele hakuwa na habari na mikutano ya London. Aliona tu kwamba malipo ya chama chake cha ushirika yamepungua. Alikatazwa na sheria kuing'oa mikahawa, hivyo wengi waliiacha ikasongwa na majani, wakapanda mahindi na maharagwe katikati ya mistari. Haingekuwa haki kumtwisha waziri mmoja anguko la soko la dunia. Wapiga kura, hata hivyo, humhukumu aliye karibu.

Muliro wakati huo alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD mwaka 1991, akidai vyama vingi. Tarehe 14 Agosti 1992 alianguka na kufariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi, akitokea London. Trans Nzoia na Mlima Elgon zilikuwa zimetoka kwenye mapigano ya kikabila yaliyowafukuza maelfu mashambani, wengine wakiacha mahindi yao bila kuvunwa. Ilipofika Desemba, sehemu kubwa ya Bungoma ilikuwa imeelekea FORD-Kenya. Kule Kimilili, mwenyekiti wa kamati ya J. M. aliangushwa na Mukhisa Kituyi, kijana msomi wa upinzani. Mwangale hakurudi tena kileleni. Alifariki Novemba 2004. Uwanja wa michezo wa Kanduyi una jina la Muliro, na chuo kikuu cha Kakamega kadhalika.

Kirwa alikuja kwa njia nyingine. Alikuwa mbunge wa KANU aliyempinga Moi katikati ya ngome ya Moi, jambo lililohitaji ujasiri au ukaidi, na katika siasa za Bonde la Ufa vitu hivyo viwili havikutenganishwa kwa urahisi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yeye na wenzake walijaribu kusajili chama cha UDM; msajili akakataa. Januari 2003 Mwai Kibaki alipounda baraza lake la kwanza, alimpa Kirwa Kilimo. Ilikuwa serikali iliyojaa watu wa ukanda huu. Michael Kijana Wamalwa wa Saboti, Kitale, alikuwa Makamu wa Rais hadi alipofariki London Agosti mwaka huo. Kituyi alikuwa Waziri wa Biashara.

Mwaka 2004 wizara ya Kirwa ilitoa mkakati wa kufufua kilimo, ukiahidi kuchambua upya utitiri wa sheria za mazao na kuipunguzia serikali kazi ambazo soko lingeweza kuzifanya. Lakini mgogoro uliomgusa nyumbani ulikuwa wa Kampuni ya Mbegu. Hisa za Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ambalo ni la umma, zilikuwa zimepunguzwa uzito mwaka 2001 kwa kutolewa hisa mpya, na umma ukajikuta unapoteza usukani wa kampuni inayolisha karibu kila shamba la mahindi nchini. Serikali mpya iliurudisha usukani huo, na kesi zikaendelea mahakamani kwa miaka mingi. Wakulima wa Cherangany walikuwa na hamu ndogo na hesabu za hisa. Walichotaka kujua ni kama pakiti ya mbegu chotara ya 614 itapatikana kabla ya mvua za Machi, kwa bei gani, na kama iliyomo ndani ni 614 kweli.

Kilichomwangusha, kama ilivyokuwa kwa Mwangale, hakikupimwa kwa bambo. Katika kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005, Kirwa alisimama na Kibaki upande wa Ndizi, alama ya Ndiyo, huku Bonde la Ufa likisimama na Chungwa, alama ya La, kwa wingi mkubwa. Wimbi hilo halikupoa. Tarehe 27 Desemba 2007, Cherangany ilimchagua Joshua Kutuny wa ODM. Siku hiyohiyo, upande wa pili wa mpaka, Kimilili ilimwondoa Kituyi na kumchagua Eseli Simiyu. Mtu aliyemng'oa waziri wa kilimo aling'olewa naye akiwa waziri, kwenye kiti kilekile.

Waliofuata katika wizara hawakutoka hapa, lakini mahindi yaliwafuata. William Ruto, aliyeichukua mwaka 2008, aliponea hoja ya kutokuwa na imani naye Bungeni Februari 2009 kutokana na sakata ya mahindi, kisha akahamishiwa Elimu ya Juu mwaka uliofuata. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti sehemu kubwa ya kazi za kilimo, na mwaka 2013 Bungoma ilimchagua kuwa gavana wake wa kwanza Kenneth Lusaka, aliyetoka kuwa katibu wa kudumu wa Wizara ya Mifugo. Sasa mkulima ana mawaziri wawili wa kilimo wa kulaumu, mmoja Nairobi na mwingine makao makuu ya kaunti, nao hutupiana mpira vizuri sana mbolea inapochelewa.

Mwaka 2024 mbolea ilifika, lakini sehemu yake ilikuwa bandia, imeuzwa katika mpango wa ruzuku wa serikali kupitia maghala ya bodi ileile. Tarehe 2 Mei wabunge walipiga kura kuanza kumwondoa Waziri Mithika Linturi. Kamati teule ilimsafisha siku chache baadaye, naye akaondoka Julai, Rais alipolivunja karibu baraza lote la mawaziri. Kamati ilipotoa uamuzi wake, mahindi ya msimu huo yalikuwa tayari yameota.