Breki za Nyuma: Toka Dramu Hadi Diski

Leo tutasoma habari za breki za nyuma za gari.

Mwaka 1902 Mwingereza Frederick Lanchester alisajili uvumbuzi wa breki ya diski, yaani sahani ya chuma inayobanwa pande mbili. Lakini kwa miaka mingi magari yalitumia dramu, chuma mfano wa sufuria, ambacho ndani yake vipande viwili hutanuka na kukisugua. Katika mteremko mrefu dramu hupata moto, na breki hulegea. Diski hupozwa na upepo. Ubora wake ulionekana mwaka 1953, gari la Jaguar liliposhinda mashindano ya Le Mans, Ufaransa.

Sasa tazameni Volkswagen Golf ya Ujerumani, gari dogo lenye mlango mkubwa nyuma. Golf GTI ya mwaka 1976 ilikuwa na diski mbele na dramu nyuma. Ile ya mwaka 1984 ilitiwa diski kote. Basi baadhi ya wenye magari ya zamani wakaondoa dramu na kutia diski.

Je, yatosha? Gari likifunga breki, uzito huenda mbele, na nyuma huwa nyepesi. Breki ya nyuma ikizidi ukali, magurudumu ya nyuma hukwama, na gari hugeuka ghafla. Kwa hiyo fundi stadi hupima pia kifaa kinachopunguza nguvu ya mafuta ya breki yaendayo nyuma. Wala hapulizi vumbi la dramu kuukuu, kwa kuwa breki nyingi za zamani zilitiwa asbestosi, ambayo huharibu mapafu.

Breki njema ni ile iliyolingana.

Swali: Kwa nini breki ya nyuma isizidi ya mbele?