Trakta kuukuu za Lualaba: kwa nini ziliingia shambani, kwa nini zilisimama

Kolwezi, mwezi wa kumi ukifika, watu hutazama mahali pawili. Hutazama juu, kuona kama mawingu yanakusanyika. Tena hutazama barabara ya Likasi, kuona kama malori ya unga yanafika kutoka Kasumbalesa. Mawingu yakichelewa, wenye mashamba wanasumbuka. Malori yakichelewa, mji mzima unasumbuka, maana bukari ya hapa inategemea sana mahindi ya Zambia. Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia mpaka serikali yake ikatangaza janga la taifa, na mama wa Kolwezi anayenunua unga kwa kipimo kidogo kidogo aliujua ukame huo bila kuvuka mpaka.

Basi linarudi swali ambalo wazee wa mji huu wanaliuliza tangu zamani: mji wenye mashine kubwa namna hii, zinazohamisha mlima mzima, unashindwaje kulima mahindi yake wenyewe?

Jibu ni refu, na linaanza kabla ya Kolwezi kuwa mji. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Reli ileile iliyobeba shaba kwenda kusini ilirudi na unga wa mahindi. Wafanyakazi walikusanywa kutoka mbali na kila mmoja alipewa posho ya unga, lakini nchi ya jirani haikuwa na wakulima wa kutosha kuwalisha. Wabelgiji walijaribu kuleta wakulima wao kutoka Ulaya, karibu na mwaka 1911, ili waulishe mgodi. Jaribio hilo halikufika mbali. Udongo ulikuwa haba, soko lilikuwa moja tu, na ng'ombe wa kuvuta jembe walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o.

Jambo hilo la mbung'o linasahaulika upesi, nalo ndilo kiini. Sehemu nyingine za Afrika mkulima alitoka kwenye jembe la mkono akapita kwenye jembe la ng'ombe, ndipo akafika kwenye trakta. Katanga ya kusini hatua ya katikati haikuwapo. Upande mmoja palikuwa na jembe la mkono, upande wa pili palikuwa na mashine, na mashine zote zilikuwa za kampuni. Kolwezi ilipoanzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya huku magharibi, mpango ulikuwa uleule: chuma kikubwa kinachimba shaba, na mwanamke mwenye jembe analima muhogo na mahindi nyuma ya kambi.

Baada ya vita kuu ya pili, trakta ndogo zikaanza kuenea duniani. Iliyojulikana kuliko nyingine ilikuwa Ferguson TE20, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000. Ilikuwa nyepesi, lakini jembe lake halikuvutwa kwa mnyororo nyuma kama mkokoteni. Lilifungwa kwa mikono mitatu ya chuma yenye kuinuliwa kwa nguvu ya mafuta, na uzito wa jembe pamoja na ukinzani wa udongo ukakandamiza magurudumu ya nyuma. Ndiyo maana mashine ndogo iliweza kulima bila kuteleza. Trakta karibu zote zinazolima leo, hata zile mpya kutoka China na India, zinatumia mikono mitatu hiyo.

Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa ziwa Tanganyika, Waingereza walitoa somo kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 walianza mradi wa karanga Tanganyika, kwanza Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Walitaka kulima zaidi ya hekta milioni 1. Trakta mpya hazikupatikana, kwa hiyo walinunua mashine kuukuu za jeshi la Marekani zilizoachwa Ufilipino, nyingi zikafika zikiwa zimechoka. Tena kampuni ya Vickers ilichukua vifaru vya Sherman, ikaviondoa mizinga na kuvigeuza trakta, zikaitwa Shervick. Kugeuza kifaru kuwa trakta si wazo la kuchekwa; injini ni injini. Kilichowashinda ni udongo. Kiangazi kikifika, udongo wa Kongwa uligeuka kama saruji, majembe yakavunjika, vipuri vikawa mbali, na mafundi wengi walikuwa wanajifunza kazi huku mashine inakufa mikononi. Mapema mwaka 1951 London ilifunga mradi, na pauni kama milioni 36 zilikuwa zimekwenda.

Lualaba haikupata msiba mkubwa namna ile, lakini ardhi yake ina tabia zake. Kolwezi iko juu, mita zaidi ya 1,400. Mvua inaanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja, inakwisha mwezi wa nne, halafu miezi mitano au sita hakuna tone. Udongo mwekundu ukikauka unakuwa tofali. Msitu wa miombo ukikatwa kwa ajili ya makala, visiki vinabaki chini na mizizi inatambaa. Halafu kuna vichuguu. Vichuguu vya Katanga vinaweza kupita urefu wa nyumba. Udongo wake ni mzuri na kina mama wanaujua, wanapanda mboga juu yake. Lakini dereva wa trakta anapaswa kuvizunguka, na kila mzunguko ni mazutu inayoungua bure.

Kwa ardhi kama hiyo jembe la ubao, lile linalopindua udongo kama ukurasa wa kitabu, linanasa kwenye kisiki na kupinda. Jembe la sahani linafaa zaidi. Sahani inazunguka, ikikuta mzizi inapanda juu yake na kushuka upande wa pili. Mashamba mengi yaliyoshindwa Afrika yaliletewa jembe lisilo lake, na lawama ikaenda kwa mkulima.

Baada ya uhuru, na baada ya Union Minière kutaifishwa tarehe 1 Januari 1967, mgodi ulibaki kuwa baba na mama wa kila kitu: nyumba, shule, hospitali, unga. Katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba kilimo ndicho cha kwanza kuliko vyote, lakini fedha iliendelea kutoka shaba, na bei ya shaba ilianguka mwaka 1974. Mwaka uliofuata reli ya Benguela ilikatika kwa vita ya Angola. Vita vya Shaba vya 1977 na 1978 vikafuata, na Kolwezi ikaona yale ambayo wazee hawapendi kuyasimulia mbele ya watoto. Mwaka 1984 Gécamines ilipogawanywa katika matawi, moja liliitwa Gécamines Développement, nalo likapewa mashamba na mifugo. Trakta zikalima mahindi ya wafanyakazi.

Kilichowezesha trakta hizo si mapenzi ya kilimo. Ni kwamba zilikuwa nyuma ya mgongo wa mgodi. Mazutu ilitoka kwenye matangi yaleyale ya malori ya shimoni. Fundi aliyejua kufungua giaboksi alilipwa na mgodi. Kipuri kisipopatikana, karakana kuu za Panda, Likasi, ziliweza kukichonga au kukimimina. Mkulima wa kawaida hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu, kwa hiyo hata angepewa trakta bure ingemfia.

Ndivyo ilivyokuwa mgodi ulipoanguka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Familia nyingi zililala stesheni ya Kolwezi na ya Likasi zikingoja treni, na wengi walifia njiani. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo mafundi wa miaka 20 na 30 ya kazi, na ujuzi wao ukapanda treni pamoja nao. Mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 30,000. Mashamba hayakuhitaji mtu wa kuyafunga. Betri moja ilikufa, chujio moja likakosekana, trakta ikasimama kwa siku chache za kungoja, na siku hizo zikawa miaka. Kipande kimoja kilitolewa kutengeneza nyingine, halafu kingine, mpaka likabaki ganda.

Watu waliobaki walirudi kwenye jembe la mkono, na wengine wakachukua nyundo na mtaimbo kuchimba madini kwa mikono. Kusema kweli, watu wengi waliokoka njaa ya miaka ile kwa muhogo wa jembe, si kwa mpango wa ofisi yoyote.

Trakta zilirudi kwenye hotuba baada ya 2007. Moïse Katumbi, akiwa gavana wa Katanga, aliagiza kila kampuni ya madini ilime hekta 500 za mahindi. Baadhi zililima, nyingine zilitafuta udhuru, na kuna zilizolima kama mtu anayelipa faini. Wazo halikuwa baya, lakini lilirudia njia ya 1984: trakta ilikuwa ya mgodi, na mgodi ukiguna, shamba linanyamaza.

Kwa familia zilizohamishwa, jambo hili halihusu historia peke yake. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta kwa ajili ya kobalti, na mamia ya familia wakaondoka, wengine kwa fedha, wengine kwa nyumba nje ya mji. Mitaa mingine ya Kolwezi imefuata kadiri mashimo yanavyopanuka. Familia iliyokuwa na bustani ya matembele na mahindi nyuma ya nyumba inapelekwa mahali palipokuwa kichaka. Shamba jipya likiwa la visiki, jembe la mkono linafungua sehemu ndogo tu kwa msimu, na mwaka wa kwanza ndio wa njaa. Hapo trakta moja ya kukodi, ikija siku mbili tu kwa wakati wake, ina thamani kuliko mifuko ya unga ya msaada. Ikija mwezi wa kwanza, mahindi yamekwisha kuchelewa.

Wako pia Wakongomani waliofika mbali zaidi, mpaka Portland na Lewiston katika jimbo la Maine, Marekani. Huko katika majira ya baridi mtu anaweza kuona jambo la kumfundisha fundi wa Kolwezi. Wazee wa kule wana trakta ndogo za bustani, za Wheel Horse iliyoanza 1946 au Cub Cadet iliyoanza 1961, mashine ambazo kiangazi hukata nyasi. Theluji ikikaribia, wanafunga ubao wa chuma mbele, minyororo kwenye magurudumu ya nyuma, na uzito mkubwa nyuma ili tairi isiteleze. Ndani ya tairi wanatia maji yenye chumvi ya kalsiamu yasigande. Ubao wenyewe una springi: ukigonga jiwe lililofichwa chini ya theluji, unalala mbele badala ya kuvunja mashine. Trakta ya miaka 50 au 60 inafanya kazi kwa sababu mwenyewe anaitayarisha kabla ya theluji, si siku theluji inapoanguka.

Lualaba haina theluji, ila matayarisho yanafanana sana. Trakta kuukuu iliyosimama inataka uzito kwanza: tairi za nyuma zijazwe maji hadi robo tatu. Huku maji matupu yanatosha, na chumvi ile haifai kwa kuwa inakula rimu. Kila lita ni kilo moja inayokandamiza udongo, tena ni bure. Halafu hewa. Adui wa injini Kolwezi ni vumbi jekundu la barabara za malori ya migodi. Bakuli la oili la chujio la hewa lisafishwe kila siku ya kazi, kwa kuwa vumbi likipita linakwangua silinda kama msasa. Mazutu iliyokaa ndani ya tangi imwagwe kutoka chini kwanza, maana maji hukaa huko. Kina cha jembe kisizidi sentimita 20; ukienda chini zaidi unaleta juu udongo mwekundu usiootesha kitu. Na wakati mzuri wa kulima mara ya kwanza ni mwezi wa nne, mvua inapoondoka na udongo bado laini, siyo mwezi wa tisa ukiwa tofali.

Iko bolti moja inayostahili kutajwa peke yake. Majembe mengi yana bolti laini iliyowekwa makusudi ili ikatike jembe linapogonga kisiki. Ikikatika, dereva anashuka, anaweka nyingine, anaendelea. Lakini bolti hizo zikiisha na duka liko mbali, mtu hutafuta bolti ngumu ya lori, ambayo haikatiki. Jioni hiyo anaona amepata dawa. Kisiki kinachofuata kinapasua mkono wa jembe au kuingia mpaka giaboksi, na kazi ya msimu mzima inakwisha hapo, kwa kukosa bolti inayoweza kununuliwa soko la Kolwezi kwa bei ndogo kuliko kilo chache za unga. Vyama vya wakulima vinavyokodi trakta kabla ya mvua vinaweza kumtaka mwenye mashine aje na bolti laini 20 mfukoni, na kuzihesabu mbele yao kabla ya kulipa mazutu.