Skrini Zinazoungua: Dawa Ilipatikana Mwaka 1983, Tukapendelea Tosta

Monita za OLED zimeanza kuingia kwenye meza za kazi, na zimekuja na ubishi wa zamani: je, ule mstari wa aikoni unaokaa chini ya skrini kutwa nzima hautaacha kovu? Dell ilipotoa monita yake ya Alienware ya QD-OLED mwaka 2022, iliipa udhamini wa miaka 3 unaohusu hata kuungua kwa picha. Udhamini huo unampa mnunuzi nafuu, lakini kampuni haikingi hasara isiyoweza kutokea. Tatizo lipo, na wanaoshangaa ni wale waliodhani lilizikwa pamoja na monita za chogo.

Ndani ya chogo, elektroni zilipiga unga wa fosfori ukatoa mwanga, na sehemu iliyowashwa zaidi ilichakaa mapema kuliko jirani zake. Ndiyo maana mashine nyingi za mchezo wa Pac-Man wa mwaka 1980 zilibaki na vichochoro vyake vinavyoonekana hata umeme ukizimwa. Desemba 1983, mtaalamu wa programu John Socha alichapisha katika jarida la Softalk kijiprogramu cha kompyuta za IBM alichokiita SCRNSAVE. Dakika 3 zikipita bila kitufe kuguswa, skrini iliingia giza. Hakikuwa na picha wala madoido, na bado kilimaliza kazi yote.

Kasoro ya giza ni kwamba haliuziki. Mwaka 1989 kampuni ya Berkeley Systems ya California ilileta programu ya kinga ya skrini iitwayo After Dark, ambayo baadaye ilivuma kwa tosta zenye mabawa zilizopaa kwenye skrini tupu. Mwaka 1993 Delrina ya Kanada ikatoa programu yake, ambamo pengwini wa vibonzo aitwaye Opus alizitungua tosta za namna hiyohiyo kwa bunduki. Berkeley ilikimbilia mahakamani. Delrina ilijitetea kwamba ule ulikuwa utani tu, jaji akaukataa utetezi huo, na mabawa yakabadilishwa kuwa mapanga ya ndege. Mwaka uliofuata mshtaki akawa mshtakiwa: bendi ya Jefferson Airplane ilidai kuwa tosta zenye mabawa zilikuwa zake, kwa kuwa zilipamba jalada la albamu yake ya mwaka 1973. Bendi ilishindwa kwa sababu haki za mchoro wa jalada hazikuwa zimesajiliwa. Kesi zote mbili zilihusu hakimiliki. Ndani ya miaka 10 tu, kinga ya skrini ilikuwa imegeuka pambo la kugombaniwa.

Zilipokuja skrini bapa za LCD, wengi walisema mjadala umekwisha, na kwa sehemu walikuwa sahihi. LCD haina fosfori ya kupigwa na elektroni. Fuwele zake hujipinda tu kuzuia au kupitisha taa iliyo nyuma, na kivuli cha picha iliyoganda kwa kawaida hufifia chenyewe. Lakini plazma, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1964, ilitumia fosfori na iliungua. OLED nayo, iliyotokana na kazi ya Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak mwaka 1987, hujenga kila nukta kwa kemikali inayojiwakia yenyewe, na ya buluu huchoka kabla ya nyingine. Mwaka 2017 malalamiko juu ya kuungua kwa skrini ya simu ya Pixel 2 XL yaliifanya Google iongeze udhamini hadi miaka 2.

Watetezi wa OLED watasema skrini za leo zina akili: husogeza picha kidogo kidogo na hujisawazisha zenyewe. Ni kweli, na inasaidia. Hata hivyo, kusogeza picha kunagawa uchakavu bila kuuondoa, na kusawazisha hakurudishi kemikali iliyokwisha. Tena usawazishaji huo kwa kawaida hufanyika skrini ikiwa imepumzishwa, kwa hiyo asiyeipumzisha anajinyima kinga aliyoilipia. Wala picha inayocheza si mapumziko, maana kwenye LCD huacha taa ikiwaka bure, na kwenye OLED huendelea kula nukta. Mnunuzi na asome udhamini kabla ya kulipia rangi nzuri, na ofisi iziweke kompyuta zake zizime skrini baada ya dakika chache. Mpangilio huo hauna gharama, na upo tayari ndani ya kila kompyuta.